Namna Théophile Alivyokufa Matangani

"Miye nikilala," alisema Théophile, "hata treni ya Kabalo ipite katikati ya kitanda changu, itapiga honi mpaka ichoke. Nitageuka upande wa pili tu, niipishe."

Papa Barthélemy alicheka mpaka akaweka kikombe chini, na Papa Barthélemy hakuwa mtu wa kucheka bure. Alikuwa msimamizi wa wapakizi bandarini, mabega kama mlango wa ghala, sauti ya kusikika hadi meli iliyokwisha kung'oa nanga. Mbele yake, vijana wengi waliokuja kuposa walisahau hata majina ya baba zao. Théophile hakusahau kitu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, mguu juu ya mguu, anajisifu usingizi.

"Huyu njo mutu, ndiye mwenyewe!" Papa Barthélemy alimwambia mkewe aliyekuwa ndani. "Umesikia? Mutu wa kulala namna hii hana neno na mutu."

Léontine, binti mwenyewe, alikuwa mlangoni anamenya mihogo. Aliinua macho, akamtazama Théophile, akayashusha tena. Kwa Théophile hiyo ilitosha kumrudisha nyumbani akipiga mluzi.

Msishangae kwamba mtu alijinadi kwa mkwe wake kwa habari za usingizi badala ya mshahara. Huo ulikuwa mwaka 1965, mjini Albertville, ambao wenyewe hawakuacha kuuita Kalemie. Mwaka uliotangulia waasi walikuwa wameingia, wakakaa, wakafukuzwa. Wakaingia askari wa serikali pamoja na wazungu wao wa kukodi. Kila aliyeingia alikuja na watu wake wa kuwatafuta. Walipokwisha kupita wote, na soko likafunguliwa, na treni ikaanza tena kwenda Nyunzu, mji ulibaki na tabia moja mpya: kusikiliza usiku. Katika mtaa wa watu wa reli na bandari kuta zilikuwa nyembamba. Mtu akiruka kitandani akipiga ukelele, asubuhi majirani waliulizana kisimani: huyu alifanya nini wakati ule? Ni mufu gani anamufuata?

Hivyo ndivyo Claudine, dada mkubwa wa Léontine, alivyompoteza mchumba wake. Alikuwa mwalimu, anaitwa Michel, mpole, mwenye viatu vilivyong'aa kuliko maisha yake. Majirani walimsikia akilia usiku. Papa Barthélemy hakuuliza swali hata moja. Alirudisha mbuzi, akarudisha blanketi na jembe, akasema mbele ya watu wote: "Simutoi mutoto wangu alale na mutu mwenye kufuatwa."

Kwa hiyo Théophile alijua alichokuwa anakinadi. Alikuwa amenadi mali safi, ya hali ya juu, ambayo hakuwa nayo.

Usiku uleule alikufa.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu Noeli alikuwa anakufa mara kadhaa kwa juma. Hakuna ndoto iliyokuja kwanza. Laiti ingekuja ndoto, angekuwa na kitu cha kuilaumu. Alikuwa amelala vizuri kama mtoto aliyeshiba, mara macho yakafumbuka yenyewe, moyo unakimbia kama umeiba, koo limekuwa jembamba kama tundu la sindano, vidole vimeingia ganzi, jasho baridi mgongoni. Na juu ya yote hayo uhakika. Si hofu ya kufa, bali uhakika, kama vile karani mwenzake wa stesheni ameinua kichwa akamwambia: haya, hii sasa njo yenyewe.

Alikwisha kujifunza namna ya kuishi nayo, kama mtu anavyojifunza kuishi na mama mkwe mkali. Kando ya kitanda aliweka beseni la maji. Ikimshika, alitumbukiza miguu ndani, akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akaanza kutaja vituo vya reli, maana alikuwa mkata tiketi stesheni na vituo ndivyo alivyovijua kuliko sala: Makala, Nyemba, Nyunzu, Kabalo. Kisha kurudi. Kuna usiku alifika Kabalo akapumua. Kuna usiku alikwenda na kurudi mpaka jogoo, na miguu ikawa imekunjamana kama ya mfu aliyeopolewa ziwani.

Asubuhi alikuwa dirishani kwake stesheni, ndevu zimenyolewa, mzaha mdomoni. "Mama, tiketi ya Nyemba ni ya mutu mumoja. Huyu kuku naye anaenda kutembea?" Foleni ilicheka. Hakuna foleni iliyokuwa na furaha kama ya Théophile, na hakuna aliyejua kwamba mtu yule hajalala.

Alijaribu dawa. Mwuguzi wa zahanati aliweka sikio kifuani pake, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema, "Moyo huu ni wa dume la ng'ombe. Punguza kahawa." Akampa vidonge vya kwinini. Mama mmoja wa Kiambi aliyeuza mizizi sokoni alimpa fungu la kuoga jioni. Théophile akaoga, na usiku akafa akiwa ananukia vizuri.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakuwa na haki ya kuumwa. Watu wengine walikuwa wamepoteza kaka, waume, watoto. Yeye alipata nini? Siku risasi zilipoanza upande wa ziwa alikimbilia kwenye behewa la pamba, mtu akalifunga kwa nje bila kujua, akakaa mle gizani kati ya marobota mpaka watu wa reli walipokuja kufungua. Basi. Hakuguswa na mtu. Alitoka na pamba kichwani, akasema, "Nimeingia kijana, nimetoka babu," na watu waliokuwa hawajacheka siku nyingi walicheka mpaka wakakaa chini. Hadithi ya babu wa pamba ilizunguka mji mzima. Sasa angewarudia vipi watu walewale kuwaambia kwamba ndani ya lile behewa hewa ilikuwa imekwisha, kwamba alikuna mbao kwa kucha, kwamba alikwisha kuagana na mama yake? Mama yake ambaye hata hakuwa Kalemie, alikuwa Moba, anauza samaki.

Kwa hiyo alihama kwa binamu yake, akapanga chumba cha mwisho kabisa, kilichopakana na ghala la chumvi. Chumvi haisemi. Na akaweka tumaini lake lote mahali pamoja: Léontine. Aliamini kwamba siku atakapolala kando ya mtu, kitu kile kitakuja, kitakuta wawili, kitaona haya, kitarudi. Hakuwa na sababu ya kuamini hivyo. Aliamini tu, kama mtu anayezama anavyoamini gogo.

Kiangazi kilipoanza, upepo wa baridi ukitoka ziwani, Papa Déogratias alikufa usiku.

Alikuwa mzee mstaafu wa reli, mume wa Mama Pétronille. Na Mama Pétronille ndiye dada mkubwa wa Papa Barthélemy, maana yake shangazi ya Léontine. Mji haukungoja maelezo. Kabla ya saa sita mchana kila mtu alikuwa na kifo chake mkononi. Huyu alisema mzee alishika kifua akaomba maji. Yule alisema aliinuka, akataka kukimbia, akaanguka. Mama Pétronille mwenyewe alikaa chini chumbani, kitambaa kichwani, hasemi na mtu. Hakuna aliyemwuliza. Mjane haulizwi.

Sasa, ukoo wa Théophile na ukoo wa marehemu walikuwa watani tangu mababu. Wanaoujua utani wanajua, na kwa wasioujua, ni kwamba mtani, siku ya msiba, ana ruhusa ambayo hata mwana wa marehemu hana. Anavaa kofia ya maiti. Analala njiani jeneza lisipite. Anamtukana marehemu, anadai baiskeli yake, anaigiza mwendo wake na kukohoa kwake, na hata mjane hawezi kukasirika. Watu wakilia mno, yeye ndiye wa kuwakatisha. Na kama ilivyokuwa ruhusa, ilikuwa pia kifungo: mtani hatoki matangani mpaka matanga yavunjwe. Akienda kulala kwake, ametupa maiti.

Papa Barthélemy alikuja mwenyewe dirishani pa stesheni, akaipita foleni.

"Mutani wetu, kazi iko. Shemeji ametuacha. Njoo umuharibie safari."

"Miye nilimukataza," Théophile akajibu hapohapo. "Nilimwambia, Papa Déo, huendi popote na koti langu."

Papa Barthélemy alicheka huku machozi yanamtoka, maana alimpenda shemeji yake. "Njo vile. Na utalala kule matangani na wanaume, pale uani, karibu na miye. Mpaka mwisho."

"Mradi munitafutie mukeka mukubwa. Miye nikilala ninajaza nafasi ya watu watatu."

Alimpa abiria aliyefuata tiketi ya Kabalo badala ya Makala. Abiria aliirudisha bila kugomba, akidhani ni huzuni ya msiba.

Mpango wake ulikuwa mwepesi: asilale. Kama halali, hakuna cha kumwamsha. Siku ya maziko alifanya kazi kwa watu wanne. Alivaa kofia ya mzee, akajilaza mbele ya jeneza, akakataa kuondoka mpaka maiti aombe radhi kwa kula samaki wa watani wake miaka yote ile. Waliolibeba walicheka mpaka wakahitaji kulishusha. Usiku, wanaume walipojinyoosha kwenye mikeka kuzunguka moto, Théophile hakufunga mdomo. Alisimulia, akaimba, akagombana na mbwa. Kila aliyesinzia alimwamsha kwa kumwuliza, "Weye, umekufa ao unaiga?" Alikunywa kahawa mpaka ikawa haina ladha tena. Kulipokucha alikuwa amesimama.

Usiku wa pili watu hawakutaka tena mizaha. Walikuwa wamechoka. "Théo, tuache kidogo," mmoja alimwambia, na mwingine akamtupia kiatu, kwa upendo. Mmoja baada ya mwingine walilala. Papa Barthélemy alikuwa kando yake, anakoroma. Ndani, nyuma ya dirisha dogo, taa ya mjane ilikuwa inawaka. Théophile alikaa wima, magoti kifuani, akihesabu cheche. Upepo ulikuwa baridi na moto ulikuwa na joto, na mwili wa mtu, hata uwe na akili namna gani, ni mjinga. Alisema atafumba macho kidogo tu.

Alipoyafumbua ilikuwa imekwisha kumfika.

Hapakuwa na beseni. Hapakuwa na ukingo wa kitanda wa kushika. Alitaja Makala, na baada ya Makala hakukuja kitu. Reli ilikuwa imekatwa. Alijaribu kuvuta hewa, ikaishia mdomoni. Alijua kwamba safari zote zile nyingine zilikuwa za mazoezi. Na katika kujua huko, yule Théophile mwenye kiburi, wa mluzi na wa mguu juu ya mguu, alimtoka. Akabaki mtu tu ambaye hataki kufa peke yake wakati wanaume kumi na zaidi wamelala karibu kiasi cha kuwagusa. Ndoa na iende. Waseme wanachotaka. Alipiga ukelele.

"Nisaidieni! Ninakufa!"

Wanaume waliruka. Moto ukachochewa. Walimwona amepiga magoti katikati ya mikeka, mkono kifuani, macho yametoka, kofia ya marehemu bado kichwani.

 Kisha Alfani, mpakizi wa bandarini, kijana mnene, akapasuka kwa kicheko.

"Mutazameni! Anamufanya Papa Déo!"

"Maji," akasema Théophile.

"Enhe! Maji! Njo vile aliomba maji!"

Kicheko kikapita kutoka mkeka hadi mkeka kama moto kwenye nyasi. Waliokuwa wamekasirika kuamshwa walicheka zaidi ya wote. Wanawake walitoka ndani, wakajipanga ukutani, khanga mdomoni, mabega yanatikisika. Théophile aliinuka, akataka kukimbia, sababu miguu ilimwambia akimbie, akaanguka juu ya kuni.

"Njo vile alianguka! Mama yangu! Huyu kijana alikuwako ao?"

Alitambaa hadi kwa Papa Barthélemy, akamshika shati kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umelowa. "Papa," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia mbele ya mtu yeyote, "si muchezo. Naapa, Papa. Si muchezo."

"Si muchezo!" Papa Barthélemy alinguruma, akajipiga paja. "Anasema si muchezo! Jamani, mwondoeni, ataniua na miye!"

Hapo Théophile akaelewa. Kama angekufa kweli, pale, na mikono yake kwenye shati la mkwe wake, wangecheka mpaka mwili upoe. Na hata baada ya kupoa, mmoja angesema: ameiga vizuri mno, sasa inatosha, inuka. Wazo hilo lilikuwa la kutisha kuliko kitu chenyewe. Katika behewa la pamba alikuwa amekosa mtu wa kumsikia. Hapa walimsikia wote.

Aliachia shati. Akalala chali kwenye majivu, akatazama juu, akangoja imalizie kazi yake. Haikumaliza. Haikuwahi kumaliza, ilimrudisha tu, kama kawaida, polepole, kidole kwa kidole, na aliporudi alikuta watu wanapiga makofi.

Papa Barthélemy alimwinua kwa kwapa. Alikuwa anafuta machozi kwa kiganja. "Mukwe wangu," alisema kwa sauti iliyosikika uani kote. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya watu. "Mumemuona mukwe wangu?"

Basi ameshinda. Alikuwa amepiga ukelele usiku katikati ya mtaa mzima, na badala ya kufukuzwa amepewa mke. Théophile alivua kofia ya marehemu, akainama mara moja kwa wanaume na mara moja kwa wanawake.

"Hiyo ilikuwa ya bure," alisema. Sauti ilimkwaruza. "Kesho nitawafanyia namna alifika mbinguni, akakuta wamekwisha kufunga, akarudi kuomba ufunguo."

Walicheka tena, wakalala. Hakulala.

Asubuhi alimkuta Léontine kwenye pipa la maji, anajaza sufuria ya kupikia bukari, ugali wa wageni. Alikuwa na macho mekundu ya kulia na kucheka pamoja.

"Weye ni mubaya," alimwambia. "Kidogo tu nilisadiki."

"Ulisadiki nini?"

"Kama unakufa kweli. Pale uliposema 'maji'. Nilishika kikombe, nikachota, ninakuja. Halafu Alfani akacheka."

Alikuwa karibu naye kiasi kwamba aliona tone la maji kwenye kidevu chake. Neno lilimjia Théophile mpaka kwenye meno. Lilikuwa neno dogo: nilikuwa nakufa, ungekuja. Akalisogeza kwanza kidogo, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu.

"Na kama ingekuwa kweli? Ungefanya nini?"

Léontine alifikiri. Hakuwa msichana wa kujibu ovyo. "Ningemwita Papa," alisema. "Papa njo anajua watu wa namna ile."

Akajitwika sufuria, akaenda. Théophile alichukua kikombe kilichobaki juu ya pipa, akanywa, akakirudisha mahali pake.

Mchana iliingia mashua kutoka Moba, imewabeba ndugu wa marehemu waliochelewa. Walilia kama inavyopasa, walikwenda kaburini, wakarudi, wakalishwa. Walipokwisha kunawa, Papa Barthélemy alisimama katikati ya uwanja na kumshika Théophile bega. Tangu usiku alikuwa hamwachii. Alitembea naye kama mtu anavyotembea na baiskeli mpya.

"Mumekosa kitu kikubwa," aliwaambia wageni. "Huyu njo mutani wetu, na njo mukwe wangu. Karani wa reli, amesoma sekondari. Usiku alituonyesha namna shemeji alikufa. Nilikuwa nimelala kando yake, nikafikiri ni shemeji mwenyewe amerudi. Théo, waonyeshe."

"Papa, mutani hafi mara mbili."

"Waonyeshe tu! Hawa wamekula mawimbi kutoka Moba!"

"Fanya ile ya maji!" Alfani alipaza sauti.

Wakapiga makofi kumtia moyo. Théophile alitazama duara la nyuso. Hakuna mbaya hata mmoja kati yao. Watu waliofiwa, wanaotaka kucheka kidogo. Akavaa kofia. Akalala chini, juani, akafumba macho, akayafumbua kwa ghafla, akashika kifua. Lo, ilikuwa rahisi! Mkono ulikwenda mahali pake, macho yakatoka, sauti ikakwama pale inapokwama. Aliijua njia yote. Aliomba maji, wageni wa Moba wakaangukiana. Alianguka juu ya kuni, safari hii akichagua kuni laini. Alimtambalia Papa Barthélemy, akamshika shati, akasema, "Si muchezo, Papa," na kelele zikapanda mpaka kuku wakakimbia. Ndani yake hapakuwa na kitu. Moyo ulipiga taratibu, moyo wa dume la ng'ombe. Alikuwa anawauzia kifo chake, na kilikuwa kinauzika.

Mlango wa nyumba ukafunguka.

Mama Pétronille alikuwa amesimama kizingitini. Tangu maziko hakuwa ametoka mchana, na haikumpasa kutoka. Vicheko vilikufa kwa mafungu, wa mbele kwanza, wa nyuma mwishoni.

"Barthélemy," alisema, "mume wangu hakufa vile."

"Dada," Papa Barthélemy alijibu haraka, kwa heshima, "ni mutani tu. Haki yake—"

"Haki yake simukatalii. Achukue kofia, achukue baiskeli, amutukane akitaka. Nasema mume wangu hakufa vile." Hakuwa amepaza sauti. "Miye njo nilikuwa kando yake, hakuna mutu mwingine. Alisema kuna baridi. Akageukia ukuta, akalala. Asubuhi nikamugusa, alikuwa amekwisha. Hakuomba maji. Hakuanguka. Hakushika mutu shati. Ninyi wote munasimulia, hakuna hata mumoja aliniuliza."

Mtu mmoja alikohoa. Mama Pétronille alishuka kizingiti, akaja polepole, akizunguka mikeka, mpaka pale Théophile alipokuwa amepiga magoti na shati la mkwe wake mikononi.

"Usiku nilikuwa dirishani," alisema. "Silali tena, natazama tu. Nilimuona huyu mutoto analala. Nilimuona anaamuka. Hakuna aliyekuwa anamutazama, Barthélemy, ninyi wote mulikuwa munakoroma. Alikuwa anakosa pumzi kabla hajapiga kelele, alikaa anashika koo, muda mrefu, anasema jina la stesheni, lile moja tu. Mutu anaiga kwa ajili ya nani wakati watu wamelala?"

Aliinama. Akaweka kiganja kwenye paji la uso la Théophile, kama anayempima mtoto homa, akakiinua akakionyesha kwa kaka yake. Kilikuwa kikavu.

"Leo njo anaiga," alisema. "Usiku alikuwa amelowa."

Théophile bado alikuwa ameshika shati. Alijaribu kuachia vidole, vikachelewa kutii. Nyuma ya mabega ya wanawake alimwona Léontine, kikombe mkononi, hasogei mbele wala nyuma.

Papa Barthélemy mwenyewe ndiye aliyevitoa vidole vile kwenye shati lake, kimoja kimoja, bila nguvu. Kisha alichuchumaa, jambo ambalo mtu mwenye mabega yale hufanya kwa shida, mpaka nyuso zao zikalingana. Hakusema mukwe wangu. Hakusema mutani.

"Théophile," alisema. "Usiku ulikuwa unamuiga nani?"

Baadhi ya wageni wa Moba walikuwa bado wanatabasamu, midomo tayari, wakingoja jibu la kuchekesha. Mtani huwa nalo.